Mwiko wa Pilau Mahakamani

Wanangu, nyinyi mnaoingia wodini na sare ambazo bado zina harufu ya dukani, marahaba kwa shikamoo zenu zote. Mimi ni Bi Mwanasha wa Kisauni, muuguzi mstaafu wa wagonjwa wa akili. Nimeombwa niwaandikie mambo ambayo vitabu havisemi. Nitayasema, lakini msitarajie nifuate mwaka kwa mwaka. Kichwa changu si kalenda.

Nianze na kitanda. Daktari wetu, Daktari Mahfudhi, mtoto wa Likoni hasa, alikwenda Ulaya akarudi na elimu ya kuichimba nafsi. Katika elimu hiyo mgonjwa hulala chali, daktari hukaa nyuma ya kichwa chake asionekane, kisha mgonjwa husema lolote linalomjia: habari za utotoni, za mamake, na ndoto zake. Basi Daktari akaagiza kitanda cha ngozi nyeusi, kizuri ajabu, kikaja kimefungwa nailoni. Sisi wauguzi tukawa twakipitia kukigusa tu.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa bibi wa Junda, aliyekuja na binti zake watatu.

"Bi mkubwa, karibu, lala hapa," Daktari akamwambia.

Bibi akakitazama kitanda, akamtazama Daktari, akakitazama kile kiti kilichowekwa kichwani. "Nilale, nawe mwanamume ukae kichwani pangu? Ala! Hata maiti yangu itaoshwa na wanawake, sembuse mimi ningali hai?"

Akachukua kile kiti cha daktari, akakikalia yeye. Binti zake wakajipanga kitandani wote watatu, na Daktari Mahfudhi akabaki wima na kalamu yake. Tangu siku hiyo kitanda kile kilikuwa benchi la jamaa za wagonjwa, na kilifanya kazi hiyo vyema mpaka ngozi ikachanika.

Ndoto nazo vilevile. Daktari akiuliza, "Umeota nini?" anajibiwa, "Kheri, inshallah." Hapo pamefungwa. Kwetu ndoto mbaya haisimuliwi, na hilo kila mtoto amelelewa nalo. Vitabu vya Daktari vilisema mgonjwa anayeficha ndoto anapingana na tiba. Siku moja akaviweka kando, akacheka peke yake. "Bi Mwanasha, hata mimi mamangu alinikanya kusimulia ndoto mbaya. Nimesafiri mbali kote kule kujifunza kumshangaa mamangu."

Lakini msicheke mkapita mpaka. Elimu ile ilikuwa na jambo moja ambalo hatukuwa nalo wodini, nalo ni kumsikiliza mtu mpaka amalize. Kabla yake hakuna daktari aliyewahi kumkalia mchukuzi wa soko la Kongowea saa nzima amsikilize habari za babake. Nimewaona watu wazima wakitoka kwenye chumba kile wametua kama waliotuliwa gunia. Ya kheri tuliyachukua, yasiyotufaa tukayaacha, na hakuna aliyetuambia mapema yapi ni yapi.

Yako yaliyokuwa na madhara hasa. Nilipokuwa chuoni, mwalimu wetu, mtu wa bara, mpole kupita kiasi, alitusomea makaratasi aliyosomewa na mwalimu wake, na huyo alisomewa na daktari wa Kizungu wa zama za mkoloni. Yaliandikwa kwamba Mwafrika hapati ugonjwa wa huzuni, kwa kuwa hajui kujilaumu. Yeye hulaumu mizimu na majirani. Darasa zima la Waafrika tukainama tukaandika. Mwenzangu wa dawati, Esta, alikuwa amefiwa na mamake siku chache nyuma, na machozi yalikuwa yakidondokea karatasi ileile. Mwalimu akamwona, akampa leso yake, akamwambia, "Pole sana, mwanangu." Kisha akarudi mbele kuendelea kutusomea kwamba Mwafrika hahuzuniki. Wallahi hakuna aliyecheka. Tulikuwa na mtihani wa somo hilo.

Ndiyo maana nilipoanza kazi, mtu akiletwa kanyamaza, hali, halali, alidungwa sindano ya wendawazimu moja kwa moja. Huzuni haikuwa na nafasi yake. Kwa hivyo nawaambia, mgonjwa akija, msimuulize kama ana wazimu. Muulizeni analalaje, anakula nini, na nani kwao amekufa karibuni. Kaeni ubavuni pake, msimkalie usoni kama polisi. Na funguo zenu zishikeni mkononi zisilie, maana mlio wa funguo kwa mtu aliyefungiwa ni matusi.

Sasa niwaeleze ya mwiko wa pilau, maana ndiyo hasa yaliyonikalisha kuandika.

Kwetu mwenye pepo si mwendawazimu. Anakwenda bandarini kazini, anaoa, anaswali. Pepo akimpanda, tunamwita kiti, kwa kuwa amekaliwa, na anayesema wakati huo ni yule aliyemkalia. Uamini usiamini, shauri lako; mimi mwenyewe sijakata shauri mpaka leo. Lakini mahakama tuliyorithi ina milango miwili tu: mwenye akili zake apite hapa, mwendawazimu apite pale. Mwenye pepo asimame wapi?

Alikuwako kijana wa hapa Kisauni, Salimu, fundi wa friji, mtoto pekee wa mama mjane aitwaye Bi Riziki. Siku ya hitma ya babake, kisomo cha kumrehemu, watu wamejaa uani, masufuria yako motoni. Ami yake, Twalibu, nduguye marehemu, akamkuta Salimu anafuta machozi nyuma ya jiko. Akamkemea mbele ya watu: "Acha kulia! Babako mwenyewe alikuwa legelege, nawe umemfuata." Watu wanasema Salimu aliinuka na sauti si yake, sauti ya mzee, akauchukua ule mwiko mkubwa wa pilau, wali ungali umeugandia, akampiga ami yake. Mkono ukavunjika. Kisha akaanguka, na alipozindukana akauliza kama watu wameshakula.

Polisi waliitwa na jirani. Ami Twalibu hasira zilipomshuka akaenda kituoni na plasta yake. "Nimesamehe. Huyu ni damu yetu, tutayamaliza nyumbani."

"Mzee, kesi si yako tena," akaambiwa. "Ni ya Jamhuri."

"Kwani Jamhuri ndiyo iliyovunjika mkono?"

Askari akaendelea kuandika. Mfupa ulikuwa umevunjika, na kwa sheria ile, mtu akivunja mfupa wa ami yake ameikosea serikali. Salimu akafikishwa mahakamani, hakimu akamtuma kwetu apimwe.

Bi Riziki alikuja naye, mwanamke mfupi, mwenye maneno, buibui lake safi. Akaketi kwenye benchi la ngozi akasema, "Msijisumbue. Mwanangu ana pepo, babu mmoja wa Pemba, namjua. Nami nitamwambia hakimu wazi kwamba siku ile Salimu hakuwa na akili zake. Asiye na akili kalamu imeinuliwa juu yake, dhambi haziandikwi. Watamwachia nirudi naye nyumbani."

Wanangu, hapo ndipo nilipoiona hatari. Bi Riziki alisema kweli kwa dini yake na kwa malezi yake, na kweli hiyo ilikuwa inampeleka mwanawe shimoni. Maana sheria yetu haikuwa ikimwachia asiye na akili. Ilikuwa na hukumu yake maalumu, na ilisomwa hivi: ana hatia, lakini ni mwendawazimu. Mtu huyo hakupewa kifungo cha miezi wala miaka. Alipelekwa Nairobi, kwenye hospitali yenye ukuta na askari, akae mpaka Rais atakaporidhia. Zamani ilikuwa mpaka mfalme wa Uingereza aridhie. Uhuru ulipokuja, wakamfuta mfalme wakamwandika Rais, na mengine yote wakayaacha pale pale. Siku hizi majaji wameikemea sheria hiyo sana, alhamdulillahi, lakini wakati ule ilikuwa ikiuma.

Nilipomweleza Bi Riziki maneno ya hukumu hiyo, alikasirika. "Hatia na wazimu vitakaaje nyumba moja? Ama alitenda yeye, ama hakutenda yeye. Wewe umesikia vibaya, dada."

Daktari naye alimweleza, akaambiwa yeye ni mtoto. Daktari angeweza kuandika kwamba Salimu leo ni mzima na aweza kujibu kesi. Lakini ya siku ile ya hitma hakuyaona, na shahidi wa karibu alikuwa mama. Salimu mwenyewe alikumbuka harufu ya pilau tu. Daktari alikaa naye mara kadhaa, akanieleza alichoona: kijana alikatazwa kumlilia babake tangu siku ya mazishi, na hasira ya msiba ikakosa pa kutokea.

"Mama anasema babu wa Pemba alipanda kwa kuwa msiba haukuliliwa," Daktari akasema. "Mimi na Bi Riziki tunasema karibu jambo moja, kila mtu kalipa jina lake. Tabu ni kwamba hakimu anataka neno moja, na neno analolitaka yeye si langu wala lake."

Mimi sikuwa na ruhusa ya kumfundisha shahidi la kusema, na nyinyi pia hamna. Yashikeni hayo. Lakini hakuna sheria inayokataza mtu kumpeleka mwenzake kumjulia hali mgonjwa wa zamani. Nikamwambia, "Bi Riziki, Jumapili nakwenda Junda kumwona Bwana Kassimu. Twende."

Bwana Kassimu alimrushia jirani yake jiwe ujanani, akampasua kichwa. Mahakama ikamwona mwendawazimu mwenye hatia, akapelekwa Nairobi. Jirani akapona, akazaa, akapata wajukuu, na Bwana Kassimu yungali kule anangoja kuridhiwa. Rais akaondoka akaja mwingine, naye akaondoka. Mwisho jaji mmoja akaamuru arudishwe, na alipofika mamake alikuwa ameshakufa. Akapokewa na mpwawe huko Junda, mama wa watoto wadogo.

Tulipopiga hodi alisimama wima, mikono kaiweka nyuma.

"Mjomba, keti, ni wageni tu hawa," mpwawe akamwambia. Akaketi. Tukanywa chai, akamuuliza Bi Riziki habari za nyumbani kwa adabu njema kabisa, akatania kwamba sukari ya mpwawe ni ya kupimiwa na duka la dawa. Bi Riziki akacheka. Naona alikuwa anajiuliza nimemleta kufanya nini kwa mzee mzima kama huyu.

Kisha Bwana Kassimu akainuka tena, mikono nyuma, akanitazama mimi niliyevaa saa, kama wasimamizi wake wa kule. "Naomba ruhusa niende haja."

Mpwawe akainamisha kichwa. "Nenda, mjomba. Hapa ni kwenu. Kila siku namwambia, hapa ni kwenu."

Hakuondoka. Alikuwa ananingoja mimi. Nikamwitikia kwa kichwa, na hapo ndipo akaenda.

Tulipotoka, Bi Riziki alitangulia mbele yangu mpaka tulipofika Kongowea, kwenye kelele za mikokoteni na watu wa viazi. Akasimama katikati ya njia, mchukuzi akampigia kelele apishe, hakusikia. "Alirusha jiwe moja?"

"Moja."

"Na mamake alikufa akimngoja?"

"Alikufa akimngoja."

"Twende zetu," akasema.

Siku ya kesi nilikuwako, maana nilimsindikiza Salimu. Bi Riziki akala kiapo, hakimu akamuuliza, kwa upole wa kweli, kama siku ile mwanawe alikuwa na akili zake. Mimi nilijua kwamba anaulizwa kama atamkana pepo aliyemjua tangu Salimu mdogo, au ampeleke mwanawe Nairobi.

"Akili alikuwa nazo," akasema. "Zilijaa hasira. Hasira ya babake. Alikatazwa kulia."

"Mashahidi wamesema sauti yake ilibadilika."

"Nawe mheshimiwa ukikasirika, sauti yako hubaki hiyohiyo?"

Watu wakacheka, hata karani. Hakimu mwenyewe akaficha midomo kwa mkono. Lakini Salimu hakucheka. Alimtazama mamake kama mtu anayemwona mgeni nyumbani kwao. Alipewa mwaka mmoja na ushei gerezani, na hakimu akasema amempunguzia kwa sababu ya msiba na kwa msamaha wa ami yake.

Walipomtoa, alipita karibu nasi. "Mama, wewe wajua sikuwa mimi."

"Najua, baba," Bi Riziki akamwambia. "Nenda. Utarudi."

Nje kwenye ngazi tukamkalisha Bi Riziki chini, mimi na Ami Twalibu na mkono wake mmoja mzima. Akanigeukia mimi. "Wewe Mwanasha umenitia katika nini? Nimemfunga mwanangu kwa ulimi wangu." Nilimpepea kwa mtandio. Nyumbani sikula siku ile, na niliogopa. Gerezani napo watu hufa, na wengine hutoka wameharibika. Kama Salimu angeharibikia kule, ningemwambia nini mamake? Msidhani niliwahi kuwa na hakika, hata siku moja.

Wiki iliyofuata Bi Riziki alikuja kwangu, amepoa. Akanieleza kwamba alikwenda kumwomba pepo radhi. Alifukiza ubani, akatenga kahawa na halua kwenye sinia, akasema naye. "Nimemwambia, babu, nisamehe, nilikukana kwa ajili ya kiti chako. Wangekupeleka Nairobi nawe, na kule hakuna halua."

"Akasemaje?"

"Halua iliisha," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu kesi akacheka.

Daktari nilipomsimulia hilo, hakuandika popote. Alisema, "Mimi ningehitaji miezi na kitanda kizima kufika hapo." Kila mwezi alikwenda gerezani kumwona Salimu. Hakumlaza popote, walikaa kwenye benchi la mbao chini ya dirisha. Huko ndiko Salimu alikomlilia babake. Daktari hakunieleza zaidi, wala sikuuliza, kwa kuwa siri ya mgonjwa ni yake.

Siku Salimu aliporudi, Bi Riziki alipika pilau, akatualika. Ami Twalibu akaja na mkono wake uliopona kombo kidogo, akaingia akisema, "Mwiko uko wapi? Uwekeni mbali kwanza." Tukacheka kuliko mzaha wenyewe ulivyostahili, kwa woga tu. Salimu alikuwa amekonda, nywele fupi. Akamwamkia ami yake, akambusu mkono uleule, akaketi mkekani akala kidogo kidogo.

Katikati ya chakula akasimama wima.

Bi Riziki akanishika mkono wangu kwa nguvu hata kucha zikaingia, na sote wawili tukawa tunamtazama mikono yake, itakwenda wapi. Salimu akatazama mlangoni, akatutazama sisi, pengine akishangaa kwa nini watu hawatafuni. Kisha akavaa ndara zilizokuwa karibu, za ami yake, akatoka uani bila ya kumwomba mtu ruhusa. Tukasikia mlango wa choo, na baadaye maji yakimwagika.

Bi Riziki akajifunika uso kwa leso, akalia kwa sauti. Ami Twalibu, yule aliyekataza watu kulia, akaweka tonge lake sahanini, akalia naye.